Siku Nilikamata Bunungwe ya Bwana Yangu

Weye mwenye kunisikiliza, bakikuuliza lelo "uko nani?", uko na majibu ngapi? Usijibu mbio. Waza kwanza. Mie nikianza kujibu, chai yako itapola mu kikombe.

Asubui, mbele yua ipande, miko mama ya bitumbula. Naikalaka pa kona yetu hapa Kamalondo, pembeni ya fundi mwenye kushona manguo. Mbabula yangu ya makala, karai ya mafuta, ndoo ya bunga yenye kuvimba. Bantu ya kazi banapita, batoto ya masomo banapita: "Mama, mbili!" "Mama, ine, na usinipatie yenye imepola!" Saa tatu ikifika, bitumbula inaisha, nanawa mikono, nafunga kikwembe ingine. Sasa miko mufundishaji ya babibi-arusi. Ku siye, binti akikaribia kuolewa, si mama yake mwenye kumufundisha bintu ya ndoa, mama anasikiaka haya. Banaita mama wa inje, mwenye kuyua ngoma na nyimbo, mwenye mudomo yenye haiogopake kintu. Ile mudomo, Mungu alinipatia bila kupima. Siku ya tano mangaribi miko ku korali ya kanisa, sauti ya pili, mustari ya mbele sababu miko mufupi. Kwa batoto ya dada yangu, mwenye alikufwaka, miko mama mukubwa. Kwa bajirani yangu babili benye kugombanaka kila wiki juu ya robine ya mayi, miko tribinali.

Na kwa mujukulu yangu, mutoto ya binti yangu, mwenye alikulia mu nyumba yetu, miko adui! Ee, adui. Ku siye mujukulu mwanamuke anaitaka nkambo yake mwanaume "bwana yangu". Njo kusema mie na yeye tuko babibi ya bwana moya, tuko bambanda, kila moya anamuonea mwenzake wivu. Alianza kunichokoza tangu akiwa na meno mbili. "We muzee, toka pale, bwana yangu anataka kuikala na kijana!" Na mie namujibu: "Kijana gani? Hata bukari haujayua kupika!" Bageni banatuangaliaka na kushangaa.

Bantu bananiuliza: "Mama, bintu yote ile, hauchokake?" Nachokaka, miguu inavimba sawa ile bunga yangu. Lakini sikiliza hii. Mwaka moya, mu mvula, pikipiki ilikuya na mbio, ikateleza, ikaingia mu biashara yangu. Karai ikageuka. Mafuta mu matope, bunga mu matope, mie mwenyewe mu matope. Nililia pa njia, mukubwa muzima, sawa muntu amefiwa. Nilisikia sina maana tena. Kisha nikakumbuka: saa tatu kuko binti ananingojea, arusi iko siku ya posho, ile ya sita. Nikaenda vile vile, bunga ingali mu nywele. Kufika pa mulango, bamama bakapiga ngoma, bakasimama yote: "Mwenyewe amefika! Mwenyewe amefika!" Mule mu nyumba hakuna muntu aliyua habari ya pikipiki. Nilifundisha, niliimba, nilicheza na ile miguu ya matope, nilibachekesha mpaka binti mwenyewe akashika tumbo. Kurudia ku kwetu, mafuta yangu ilikuwa ingali imemwangika, lakini haikuniuma tena sawa asubui. Mama ya bitumbula alikuwa amepigwa, mufundishaji alikuwa muzima, na ule muzima akamusimamisha ule wa kupigwa. Nilirudia ku kona kisha siku mbili.

Bon. Sasa nikuambie ya bwana yangu, juu mie nilikuwaka na hii bahati, yeye hakuwa nayo.

Bwana yangu alitumika mu mine, pa mafurno, kule banayeyushaka mukuba, ile shaba. Alitumika mule tangu kijana mpaka nywele ilipauka. Pa kazi kila mutumishi alikuwa na namba, na bwana yangu aliipenda ile namba kupita jina yake. Aliiandika ku sanduku yake ya chuma, ku ndoo ya kuogea, hata ku kitanda. Wakati alikuya kunilomba kwa baba yangu, aliulizwa: "Kijana, uko nani?" Akataja namba! Baba akamuambia: "Mutoto yangu hataolewa na namba, rudia na jina." Tulicheka ile mambo miaka mingi.

Inje ya kazi, hakuwa na kintu ingine. Kilio ya bajirani, muntu akikufwa, mie njo nilienda. Kanisa, mie. Mambo ya ukoo wake, balikuya kuniuliza mie, njo namupelekea habari wakati anakula. Hakuwa muntu mubaya, aa-a. Alituletea kila kintu. Lakini alikuwa wa kazi, na kazi ilikuwa yake, basi.

Kisha ikafika retrete, siku ya kuacha kazi juu ya buzee. Balimupatia karatasi, balimushika mukono, akarudia na sanduku yake. Siku ya kwanza alilamuka saa ileile ya kazi, akavala bilato ya kazi, yenye chuma ku bidole, akaikala mu kiti mbele ya nyumba, akaangalia mulango ya parsele, ya kutokea ku njia. Siku ya pili, vile vile. Mwezi ya kwanza nilisema anapumuzika. Mwezi ya tatu nikaanza kuogopa. Hakuwa anazungumuza. Ukimusalimia, anatikisa kichwa. Chakula yangu alikuwa anaiangalia tu. Mujukulu akimupelekea, na kumuambia "Bwana yangu, kula, ule muzee wako hayue kupika," alikuwa anakula matonge mbili, tatu, juu ya kumupendeza mutoto.

Nilimupeleka ku dispansere. Muganga, kijana muzuri, akakamata kalamu: "Baba, unaitwa nani?" Bwana yangu akataja namba.

Ile siku sikucheka.

Muganga akamupima damu, moyo, sukari, yote. Akaniita pembeni: "Mama, mwili yake haina magonjwa. Lakini kilo yake imepunguka sana." Ah! Mie kurudia pa njia namushika mukono, nilikuwa na wazo moya tu mu kichwa: huyu muntu atanifwia mu kile kiti, na hakuna dawa. Nilimulilia Mungu mu korali, naimba na machozi inashuka, bamama benzangu bananifuta na kitambaa mbele padri aone. Siku ingine nilikuwa nafundisha binti namna ya kumutunza bwana, na mu roho najiuliza: na weye, wako unamutunza namna gani? Lakini bale bamama ya korali njo balinishikaka. Bale babinti njo balinichekeshaka. Kama ningekuwa na nyumba yangu tu na ule muzee mu kiti, tungekuwa tumeikala babili mu kile kiti.

Sasa sikiliza vile Mungu anatumikaka.

Pa mitaa tatu na siye kulikuwa muzee moya, fundi ya baiskeli. Yeye alikuwa wa ukoo ya Mbuzi. Bwana yangu ni wa ukoo ya Chui. Ku siye bale ni banungwe: Chui na Mbuzi banatukanana bila kukasirikiana, hata ku kilio. Zaidi ku kilio! Muntu ya Mbuzi akikufwa, Chui moya lazima akuye kulia kama nyama yake imepotea, afunge njia ya sanduku ya maiti, achekeshe bafiwa mpaka bakumbuke kupumua. Ile njo bunungwe. Chui asipokuya, bafiwa banasikia kama bamezika muntu nusu. Ni kintu moya tu ya ukoo yenye bwana yangu alikuwaka anafanya, tena na ule fundi peke yake: akitoka ku kazi, anapita pale, anapiga kelele, "Mbuzi! Ungali muzima? Nilileta kisu!" Na ule anamujibu: "Chui ya meno moya, pita, usinitie mate!" Basi, anaenda zake.

Ule fundi alikufwa. Mujukulu yake akatumwa ku kwetu asubui. "Baba, muzee ametuacha. Bafiwa banauliza Chui yao iko wapi."

Bwana yangu hakugeuza hata kichwa. "Ubaambie Chui hakuna. Hapa kuko muzee moya tu wa retrete."

"Baba, bazike namna gani bila weye?"

"Bazike."

Nilisikia haya! Ule kijana akatoka, kichwa chini. Na mie, na hii mudomo yangu, nikawaza hivi: mie miko mama ya bitumbula, miko mufundishaji, miko korali, miko tribinali. Bunungwe nayo itanishinda? Nitaenda mu nafasi yake. Bibi na bwana si ni kintu moya?

Weye unacheka. Ngojea.

Nilifika ku kilio. Bamama yote chini ku mikeka, mufiwa, bibi ya marehemu, katikati na kikwembe ku kichwa. Mie, palepale pa mulango, nikajitupa chini na kupiga kelele: "Yo! Nyama yangu! Nani aliiba mbuzi yangu mbele niweke munyu? Siye ba-Chui tutakula nini sasa?"

Kilio ikakatika. Bamama yote bakanigeukia.

Unayua, mie ni wa ukoo ya Uyoga. Kwa siye, ukoo inafuata mama. Uyoga na Mbuzi hakuna bunungwe, hata kidogo. Kwa mudomo ya bwana yangu, ile maneno ni mapendo. Kwa mudomo yangu, ni matusi ku maiti ya bantu.

Mufiwa akatosha kikwembe ku macho. "Mama, weye na siye tumeanza kutukanana siku gani?"

Na dada ya marehemu, muzee mukali, mwembamba sawa fito, akasimama: "Uyoga inakulaka mbuzi tangu lini? Ku siye mbuzi njo anakulaka uyoga! Angalia nisikukule lelo!"

Bamama bamoya bakaziba mudomo na mukono, sikuyua kama ni kucheka ao ni kukasirika. Mie chini, kikwembe mu mavumbi, sikuyua nisimame namna gani.

"Bunungwe haina kikwembe ya kuazimana," ule muzee akasema. "Utalipa kuku. Kuku nyeusi, mukubwa. Ao uende umulete mwenye bunungwe, asimame hapa na miguu yake. Sanduku inatoka saa tisa."

Nilirudia mbio. Mie bantu bananisimamiaka, mie bananipigiaka ngoma, nilipita njia za kandokando bateja yangu basinione. Nilimukuta bwana yangu mu kiti. Nikasimama mbele yake, palepale ku yua, nikamuambia: "Nimeharibu jina yako."

Akaniangalia. Ilikuwa siku mingi hajaniangalia usoni.

"Nimeenda ku kilio ya Mbuzi. Nimefanya bunungwe mu nafasi yako."

"Weye?"

"Mie."

"Uyoga?"

"Uyoga."

Akainama mbele mu kiti. Kisha akauliza, pole pole: "Ulisema nini?"

Nikamuambia yote, nyama, munyu, ba-Chui tutakula nini. Nilikuwa naona mabega yake inatikisika, nikawaza analia, roho ikanitoka. Kumbe! Alikuwa anacheka. Bila sauti kwanza, kisha na sauti, mpaka akakohoa, mpaka mujukulu akatoka mbio mu jikoni na kijiko mu mukono: "Bwana yangu iko na nini? Muzee, umemufanya nini?"

"Mbuzi njo anakulaka uyoga," akasema, na machozi ku mashavu. "Ule dada yake alisema ile? Mbuzi njo anakulaka uyoga!" Kisha akakasirika. Ee, kweli, akakasirika muzuri, sawa zamani. "Na haina vile banaanzaka! Ya munyu inakuyaka ku mwisho! Kwanza unalala mu njia. Muntu gani alikutuma? Bale bantu sasa batasema Chui haina akili. Saa ngapi?"

"Saa munane."

Akasimama.

Mujukulu akamushika mukono mumoya, mie mwingine, akatuachilia yote mbili. Tulimufuata kwa nyuma. Alitembea ile mitaa tatu na ile bilato ya chuma, ko, ko, ko. Kule balikuwa banatosha sanduku, banataka kuiingiza mu gari. Bwana yangu hakusalimia muntu. Akaenda, akalala chali mu njia, mbele ya magurudumu, na suruali yake ya safi.

"Gari haipite!" akapiga kelele. "Mbuzi yangu! Ulikimbia kisu yangu miaka yote, sasa unakimbilia mu sanduku? Nani alikupa ruhusa? Meno yangu ingali moya, lakini ingali!"

Benye kubeba sanduku bakasimama. Kisha mufiwa, ule mama mwenye alikuwa hajakula tangu yana, akaanza kucheka. Akacheka na kulia pamoya, akaenda mpaka pale alilala, akamupiga na kikwembe: "Toka mu njia, Chui ya ovyo! Ulikuwa wapi? Tulikutafuta!"

"Nilipotea," bwana yangu akamujibu. Akaikala mu mavumbi, akamushika mukono. "Nilipotea, dada. Nimekuya."

Bakamunyanyua. Bakamupatia nafasi mu gari, pembeni ya sanduku, sababu ile njo nafasi ya nungwe. Na ule muzee wa fito akapita pembeni yangu, akaniambia mu sikio: "Kuku, niliisamehe. Lakini ukirudia, nitakukula kweli."

Usiniulize kama alipona ile siku moya. Aa-a. Kesho yake alirudia mu kiti. Lakini kisha siku ine balikuya kumuita, juu Chui njo anafagiaka kilio ya Mbuzi, kuondosha majivu. Akaenda. Kule kuko ndugu moya wa ukoo yangu akamutambua: "Si weye njo bwana ya dada yetu fulani?" Akapata bashemeji alikuwa amesahau. Mufiwa akamulomba achunge ile banda ya baiskeli asubui moya ku wiki, mpaka kijana wao ayue kazi. Moya ikakuwa tatu. Padri akamuomba aangalie furno ya mikate ya parwasi, pale kanisa, juu nani anayua moto kupita yeye? Na batoto ya mitaa banamuitaka sasa Chui. Banamukimbia na kupiga kelele, naye anangurumisha.

Siku zingine angali anaikala mu kiti, bilato mu miguu, nayua anasikia mafurno kule mu kichwa yake. Namuacha. Saa mbili muntu anakuya kumutafuta. Kila siku kuko muntu wa kumutafuta! Hata mie nikitaka kumutuma mayi, lazima nimulombe mapema. Mungu, aksanti. Aksanti kwa bale ba-Mbuzi, aksanti kwa ule muzee wa fito. Mie nilikuwa nadhani ni mie mwenye kukamata kazi zangu zote hizi, sawa mizigo juu ya kichwa. Kumbe bantu njo bananikamataka, huyu mukono, huyu mugongo, huyu kikwembe. Moya akiachilia, bengine bangali. Njo ile nguvu, hakuna ingine. Na hauwezi kujipa mwenyewe, lazima bantu bakupatie. Mie nilijipa kazi moya ya kuiba, ile ya Chui, uliona vile nililala mu mavumbi.

Sasa mujukulu yangu, ule mbanda yangu, amepata kazi. Kule Luano, ku avyo, pale ndege inashukaka, anaandika mizigo ya basafiri. Alikuya posho hii kutuonyesha manguo ya kazi, bluu, na kitambaa ku shingo. Bwana yangu akasimama akamupigia makofi: "Bibi yangu ya pili iko muzuri kupita ya kwanza!" Mie nikajifanya nakasirika, nikatupa mwiko.

Lakini aliposema ataacha korali, ataacha kusuka bamama nywele siku ya yenga kisha kanisa, juu kazi inamukula saa yote, mwiko sikuokota. Bwana yangu akaiokota. Kisha njo yeye, haina mie, alimuambia: "Bibi yangu, kazi ni muzuri. Ilitulisha. Lakini siku moya itakushika mukono na karatasi, itakuambia enda. Siku ile, nani atakuya kukutafuta pa mulango?"

Mutoto akaikala pa mukeka na ile manguo yake ya bluu. Hakutuchokoza. Akamuangalia nkambo yake sana, yeye mwenye alimupelekeaka matonge mbili, tatu, mu kile kiti.

"Bwana yangu," akasema, "naahidi mbele ya huyu mbanda yangu muzee. Siku ya tano nitatoka kule Luano mbio, nitaimba na yeye sauti ya pili, hata nikifika na haya manguo ya kazi. Na kilio ya ukoo yetu ya Uyoga, nitalomba ruhusa. Bakininyima, nitalomba tena."